Nguo Iliyokatwa na Mfumaji

Tulikuwa tumeshavuka mto, mizigo kichwani, maji yakitudondoka magotini, ndipo Jonasi aliponiuliza kama nilimuaga baba yangu.

Nikasema nilimuaga.

"Kwa mdomo au kwa kisogo?"

Nikanuna. Jonasi alikuwa mtu wa Ikinga, kule milimani Ileje, na watu wa kule wakikuona umenuna ndipo utani unapowakolea. Alicheka peke yake mpaka tukamaliza kuupanda ukingo.

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama kabla hajalisoma, nitarudia kidogo.

Mimi Kefa ni mtoto wa mzee Enoka, mfumaji wa Msangano. Shule niliisoma vipandevipande, kama mtu anayekula muhogo huku anatembea, lakini kipande cha mwisho nilikimaliza. Kilikuwa chuo cha kazi za mikono cha misheni. Mimi nilihitimu kufuma nguo, Jonasi akahitimu kazi za mianzi, viti na vikapu. Bwenini, kitanda kwa kitanda, tulipanga maisha yetu. Tukishahitimu hatutaajiriwa na mtu. Tutazunguka na kazi zetu kwenye maonyesho: Tunduma, kisha Mbozi, kisha Mbeya, na Mungu akijalia tutavuka ng'ambo kwa Wabemba.

Wakati ulikuwa wetu. Ilikuwa miaka ya vita vya Hitla. Madukani nguo hakuna: merikani hakuna, kaniki hakuna. Watu wazima walivaa magunia, wengine walirudia magome ya miti kama babu zao. Serikali ikaona aibu, au ikaona hasara, sijui. Ikatangaza maonyesho ya kazi za mikono Tunduma, kila jumbe aje na watu wake.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Elina, binti wa Jumbe Silwimba, ndiye aliyenisokotea nyuzi za nguo zote nilizobeba. Baba yake hakunikataa wala hakunikubali. Alisema mfumaji asiyeuza ni mtu anayecheza na pamba. Niende Tunduma. Kapu langu likirudi tupu, nimlete mshenga. Likirudi na nguo hata moja, nisipite tena mbele ya mlango wake.

Asubuhi ya kuondoka baba alikuja kuutazama mzigo. Akafunua nguo ya juu. Akapitisha kidole kwenye pindo.

"Nani kaikata?"

"Mimi, baba."

Akachomoa kisu chake cha kukatia nguo, akakilaza juu ya mzigo wangu, akaingia ndani. Hakutoka tena. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Sasa twende.

Mbele kidogo ya Chitete tulimkuta mama mmoja mzee amekaa kando ya njia na furushi la tumbaku. Jina lake Bibi Ruti. Naye alikuwa akienda Tunduma, akaomba tufuatane. Alivaa gunia la chumvi, maandishi ya duka yakiwa mgongoni kwake kama barua isiyo na mwenyewe.

Jonasi, kwa kumsifia rafiki, akamwambia kwamba kwenye kapu langu mna nguo mpya za pamba tupu. Bibi akaomba kugusa tu. Nikashusha mzigo.

Aliigusa kama mtu anavyogusa shavu la mtoto. Halafu kidole chake kikafika kwenye pindo, kikasimama palepale aliposimama baba.

"Pole, baba," akaniambia. "Amekufa nani kwenu?"

Nikamwambia hajafa mtu.

"Basi hizi zote za nani?"

Hapa lazima nieleze, maana wasomaji wengi siku hizi ni watoto wa mitumba. Kwa wafumaji wa ukoo wetu, mfumaji haikati nguo aliyoifuma. Inabaki kwenye kitanda cha mfumi, ile miti ya kufumia, nyuzi zimevutwa, mpaka mwenye kuitaka aje. Yeye ndiye anashika kisu, anakata nyuzi za mtande, zile zilizowambwa kwa urefu, kwa mkono wake, nguo inamwangukia, imekuwa yake. Nguo ambayo mfumaji huikata mwenyewe ni ya aina moja tu. Ni ya maiti. Maiti hawezi kushika kisu, kwa hiyo mfumaji anamkatia.

Baba alitaka nizibebe nguo zikiwa zimeviringwa kwenye mti wa kitanda cha mfumi, hazijakatwa. Tuziwambe hukohuko Tunduma, kila mnunuzi akate ya kwake. Alisema angekuja kunisaidia kubeba. Mimi nikaona ni ushamba. Chuoni tulifundishwa kukata, kupunguza nyuzi za mwisho, kupinda pindo kwa sindano, kupiga pasi na kukunja mara nne. Pindo langu lilisifiwa mbele ya darasa zima. Isitoshe, nilijiambia, Tunduma ni njia panda, watu wa kila kabila. Nani atauliza habari za kisu?

"Bibi," nikasema, "hayo ni mambo ya kale. Mimi ni Mkristo."

"Hata mimi ni Mkristo. Kwani Wakristo hawafi?"

Jonasi akacheka mpaka viti vya mianzi vikagongana mgongoni. Lakini kuanzia pale Bibi Ruti hakutembea nasi. Alikaa nyuma, mwendo uleule, kichwa ameinamisha. Kila nikigeuka nilimwona hivyo, na nikajua mtu hutembea hivyo anapofuata jeneza.

Tunduma ya wakati ule ilikuwa maduka machache ya Wahindi, nyumba ya forodha na vumbi. Uwanja wa maonyesho ulizungushiwa mabua, bendera ya Mwingereza katikati. Tulipewa meza, mimi na Jonasi, ubavu kwa ubavu.

Jua halijawa kali, viti vya Jonasi vilikuwa vimekwisha. Watu wa ng'ambo walivikalia, wakavinyanyua, wakasema mukwai kwa heshima ya Kibemba, wakalipa, wakaondoka navyo kichwani.

Kwangu watu walijaa pia. Hilo ndilo lililoniumiza. Laiti wangenipita. Walikuja wamevaa magunia ya sukari, ya chumvi, ya unga wa Rodesia, wakanyoosha mikono, wakapapasa pamba, macho yakalegea kwa tamaa. Halafu mmoja akauliza, nani kaikata.

Mara ya kwanza nilisema kweli. Mikono ikarudi kwenye magunia.

Jonasi akaninong'oneza niseme aliyekata ni bibi wa Kizungu wa chuoni. Nikamwambia hivyo mtu mmoja mwenye mabega mapana, gunia lake limemchubua shingo. Akafurahi. Alikuwa ameshaikunjua nguo aipime kifuani, sauti ikatoka nyuma yake, sauti ya Kimsangano kabisa, ikisema usimsikilize huyo, huyo ni mtoto wa Enoka.

Yule mtu akaikunja vizuri, mara nne kama alivyoikuta, akairudisha.

"Gunia langu linanichubua," akasema, "lakini linajua mimi ni mzima."

Baada ya hapo ikawa mchezo. Vijana wakipita wananisalimu kwa sauti ya msibani. Mmoja akaniuliza kama naweza kumwekea moja mpaka wiki ijayo, leo bado ana pumzi. Watu wa ng'ambo hawakuwa na desturi ile, lakini nani anunue kitu ambacho wenyeji wanakikimbia?

Saa sita akafika Jumbe Silwimba. Alikuwa mtu mpana, mwenye kutembea taratibu, amevaa koti kuukuu la Mjerumani lisilo na vifungo. Elina alikuwa nyuma yake. Jumbe akatazama kapu langu, akaona limejaa kama lilivyotoka. Akaenda kusimama na majumbe wenzake. Elina akanitazama kidogo, na macho yake yalikuwa yanaomba nifanye jambo.

Ndipo Bwana Shamba akaanza kukagua.

Alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, si mtu mbaya. Alifuatana na karani wake, mtu wa pwani. Akapita vyungu, akapita majembe, akapita mikeka, akafika kwangu. Akaigeuza nguo. Akaona pindo. Akaita wenzake waone pindo.

Karani akatafsiri: Bwana anasema hiki ndicho alichokitafuta tangu asubuhi. Watu waache magunia, wafume. Zawadi ya kwanza ni yako.

Watu hawakupiga makofi. Bwana Shamba akatazama huku na huku, akauliza kitu.

"Bwana anauliza," akasema karani, "nguo nzuri hivi, mbona kapu limejaa? Watu wanaogopa nini?"

Msomaji, mlango ulikuwa wazi. Ningeeleza, yule karani angetafsiri, Mzungu angecheka au angekasirika, na mambo yangeishia kwenye meza ile. Lakini Jumbe alikuwa anasikiliza. Elina alikuwa anasikiliza. Sikutaka kusema mbele yao kwamba watu wananiona mfumaji wa maiti.

"Wanaogopa bei, Bwana," nikasema.

Bwana Shamba akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akasema basi serikali itaonyesha njia. Akachagua nguo kubwa kuliko zote, ile yenye mstari mweusi pembeni, akalipa kwa mkono wake. Akaikunjua. Akawatazama majumbe waliosimama safu. Mkubwa wa mwili alikuwa Silwimba.

Akaenda akamvika mabegani.

Nilisikia bendera ikipigwa na upepo. Upande wa wanawake mama mmoja akaanza ule mlio wa msiba tunaoufahamu, akafika nusu, mwenzake akamziba mdomo kwa kiganja.

Jumbe hakuivua. Angeivuaje? Kuitupa nguo ya serikali mbele ya wenzake ni kuutupa ujumbe. Akaiweka sawa mabegani. Akatazama chini, aone imeishia wapi. Kisha akanitafuta mimi kwa macho.

"Umenipima vizuri, mwanangu," akasema. "Imenifika miguuni."

Bwana Shamba akauliza amesemaje. Karani akajibu kwamba anasema inamtosha. Mzungu akapiga makofi, na watu wakapiga kwa sababu serikali imepiga.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana mpaka leo kikinijia nasimamisha nilichokuwa nakifanya.

Yule mtu wa gunia lililochubua akarudi. Akachukua ileile aliyoikunja, akalipa, hakuuliza chochote. Nyuma yake wawili. Nyuma yao kundi. Wale vijana walionitania wakasukumana na mama zao. Mikono ikaingia kapuni kama kuku kwenye mtama. Nikafikiri woga umewatoka. Nikafikiri Mzungu amevunja desturi kwa siku moja. Nikacheka, kweli nilicheka.

Bibi Ruti alikuwa amesimama pembeni ya meza. Akaniambia nisicheke.

"Kifo kilikuwa mezani kwako kinatafuta mtu," akasema. "Sasa kimempata. Hizi nyingine ni nguo tu."

Kisha naye akatoa hela za tumbaku yake, akachukua moja nyembamba. Akasema yeye hajidanganyi kama wenzake. Yeye ananunua ya kuzikiwa, na anashukuru kuiona mapema.

Kabla jua halijapinduka vizuri kapu lilikuwa tupu. Jonasi akaliweka kichwani kama kofia, akacheza hatua mbili. Akaniona uso. Akalitoa.

Jumbe Silwimba alipita akienda zake, nguo imemfunika mpaka miguuni. Akasimama mbele ya kapu.

"Tupu," akasema. "Mimi nina neno moja. Mlete mshenga."

Akaendelea na safari. Elina akabaki kidogo.

"Uzi ule niliusokota mimi, Kefa."

"Najua."

"Niliusokota nikiimba."

Akamfuata baba yake. Hakugeuka.

Mbozi hatukwenda. Mbeya hatukwenda. Jonasi angeweza kuendelea na safari, kazi yake ilikuwa inatakiwa, lakini alirudi nami Msangano. Njia nzima hakunitania hata mara moja, nikajua mambo yameharibika.

Bwana Shamba alikuwa ameahidi kuja kuona kama Jumbe anaivaa nguo yake. Basi Jumbe akaivaa kila siku. Watu wakaanza kumsalimu wakiwa mbali. Barazani hakuna aliyebishana naye tena. Kesi zilizokuwa zikichukua siku nzima zilikwisha kwa ndiyo, Jumbe, ndiyo, Jumbe. Nani agombane na mtu anayeondoka?

Halafu zikaanza kuni.

Kwetu nyumba ikifiwa kila jirani huleta gogo moja, maana wageni watakuwa wengi na moto utawaka siku nyingi. Asubuhi moja palikuwa na gogo kwenye ua wa Jumbe. Kesho yake mawili zaidi. Hakuna aliyemwambia mwenzake, hakuna aliyeonekana akileta. Jumbe alitoka kila asubuhi akayatazama. Kuni zikaongezeka, yeye akapungua. Akaacha ugali, akabaki na uji, akaacha uji. Kikohozi kikaingia.

Mimi sikumpeleka mshenga. Nikimpeleka, ningekuwa kama mtu anayewahi urithi. Nisipompeleka, ningekuwa kama muuaji aliyejificha. Nilikaa nyuma ya nyumba ya baba nikachonga vijiti visivyo na kazi.

Aliyenitoa pale ni Jonasi. Alikuwa anatengeneza kapu la mama yangu, limekatika mkanda. Akaniuliza, nyinyi watu wa bondeni nyuzi zenu zina nini?

"Sisi kitu kikikatika tunakiunga," akasema. "Iungeni hiyo nguo irudi kitandani. Ikisharudi, haijakatwa. Mzee aje aikate mwenyewe."

Nikaenda kwa baba. Tangu nirudi hatukuwa tumesemezana zaidi ya salamu. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea.

"Hilo sijaliona wala sijalisikia," akasema baba. "Wazee ambao wangejua wamekufa, na walipokuwa hai mimi niliwauliza mambo mengine." Akasimama. "Iletwe."

Elina aliileta ndani ya kapu, juu ameweka mtama. Alisema hakumdanganya baba yake. Alimweleza yote, naye akaivua mwenyewe, akamwambia atuhimize, amechoka kuamka na kuzitazama kuni.

Baba akaanza na pindo. Alilifumua kwa ncha ya sindano, mshono kwa mshono, lile pindo langu lililosifiwa. Chini yake nyuzi za mtande zilikuwa fupi kama kucha, maana chuoni tulifundishwa kuzipunguza zisionekane. Alizitazama akizileta karibu na macho, macho ambayo yalikuwa yameanza ukungu.

"Pindo zuri," akasema.

Tukafanya kazi. Elina alisokota uzi mpya, safari hii haimbi. Jonasi alivuta na kushikilia. Mimi nilimpa baba uzi mmoja mmoja. Kufunga fundo alifunga mwenyewe, kwa ncha za vidole na ulimi, na nilipotaka kumsaidia alinisukuma mkono. Aliyekata asifunge, akasema. Hata hilo, nadhani, alilitunga palepale.

Tulikuwa bado kazini walipokuja kusema Jumbe hawezi kusimama.

Siku nguo iliporudi kitandani, imevutwa, na safu ya mafundo madogo kama siafu wanaovuka njia, alikuja amebebwa kwenye machela. Ilikuwa mchana kweupe. Nyuma ya machela walikuja wote, wale wote walioleta kuni, wakajaa kwenye ua wetu na wengine juu ya ukuta wa zizi.

Wakamkalisha mbele ya kitanda cha mfumi. Baba akaniomba kisu. Nilikuwa nacho, tangu alipokilaza juu ya mzigo wangu hakikutoka kwangu. Akampa Jumbe. Akawaambia watu wote kwamba mtu yeyote asimguse Jumbe.

Jumbe akanyoosha mkono. Ulitetemeka. Kisu kikagusa uzi wa kwanza, ukakatika. Wa pili. Kikamponyoka, kikaanguka vumbini.

Baba akakiokota, akampa tena. Kikaanguka tena.

Mtu mmoja ukutani akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Jumbe akakiokota mwenyewe mara ya tatu. Akanyanyua macho. Hakumtazama baba wala Elina. Alinitazama mimi.

"Kefa. Njoo unishike."

"Usimguse," akasema baba.

"Ni mkwe wangu," akasema Jumbe. "Kapu lilirudi tupu. Njoo."

Mzazi ananizuia, mkwe ananiita, na watu wote wa Msangano wananiangalia. Nikaenda. Nilimshika kifundo cha mkono, nikikusudia kutuliza mtetemo tu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama mkono wa mtu aliyelala.

Kisu kikapita kwenye nyuzi zote kwa mara moja, kama kinapita kwenye maji. Nguo ikamwangukia mapajani.

"Nani kaikata?" akauliza Jumbe.

Baba akajibu, lakini baada ya muda, na kila mtu aliusikia ule muda.

"Wewe, Jumbe."

"Haya," akasema Jumbe. Akajifunika. Akaomba uji, akaunywa mbele yao bakuli zima, akaomba mwingine. Vigelegele vikapanda. Jioni ile wanawake walikwenda kwenye ua wake, kila mmoja akachukua gogo lake, wakarudi nayo makwao wakicheka kama watu waliotoka harusini.

Nikaona sasa naweza kumtafuta mshenga. Nikamfuata Elina, alikuwa anaokota vipande vya nyuzi chini ya kitanda cha mfumi.

"Mkono uliosukuma kisu ulikuwa wa nani?" akaniuliza, hajanyanyua kichwa.

"Wa baba yako."

"Mimi nilisimama upande wa kisu, Kefa."

Akaviringa vile vipande vya nyuzi kiganjani.

"Mshenga aje siku utakayojua," akasema.

Sasa niseme yaliyompata kila mtu, nisije nikafa nikawaacha mnaulizana.

Bwana Shamba hakuja kuiona nguo yake. Alihamishwa.

Jonasi alivuka mpaka, akaenda Ndola, akatengeneza viti mpaka mikono ikakakamaa. Alifia huko. Watoto wake wanaongea Kibemba.

Bibi Ruti aliwazika wengi wa wale waliosukumana mezani kwangu. Nguo yake ilimngoja mpaka panya wakaanza kuila, wajukuu wakaikata winda za watoto. Alikufa baada ya Uhuru, akazikwa kwa kitenge.

Baba macho yalifungika kabisa. Hakufuma tena. Miti ya kitanda chake ilijengea zizi la mbuzi. Sikumwuliza kama aliliamini lile jibu lake, naye hakuniambia.

Jumbe Silwimba alipona. Alirudi barazani, watu wakabishana naye kama zamani, akanenepa. Mvua za kwanza zilipoanguka alikufa. Wengine walisema ni kifua. Wengine walisema nguo ilimpa likizo tu. Alizikwa na blanketi la jeshi la mpwa wake, kwa sababu Elina alikataa ile nguo iingie ardhini kabla haijajulikana nani kaikata.

Elina aliolewa na mwalimu wa Ikinga. Wamezaa, wameozesha, mume amefariki, amerudi Msangano.

Mimi sikumpeleka mshenga. Niliondoka kabla mahindi hayajachanua, kisu cha baba kikiwa mzigoni. Nimebeba chumvi, nimekata mbao, nimechimba mitaro ya watu, nimelala miji ambayo majina yake nimeyasahau. Uzi sijaushika.

Mwaka jana mtu wa Msangano alinikuta stendi ya Sumbawanga. Alisema Elina mzima, na ile nguo anayo, imekunjwa mara nne. Alisema anauliza kama kile kisu cha Enoka bado ninacho.

Nikamwuliza anakitakia nini. Akasema hakutumwa kusema hilo.

Ninacho. Juzi nimekinoa.